Gari Lisilokohoa

Glavu za Babu nilizipata juzi nyuma ya kabati lake, tulipokuwa tukitoa vitu vyake nje baada ya mazishi. Ni glavu nyeusi za sufu, moja imetoboka kwenye kidole gumba, na bado zilikuwa na harufu yake: mafuta ya mgando, majani mabichi ya chai, jasho la mtu aliyefanya kazi bila kupumzika. Shangazi alitaka kuzitupa kwenye rundo la vitu vya kuchomwa. Nilipomwambia nitazichukua mimi, alinitazama, kisha akageukia pembeni upesi na kuanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Hata yeye anakumbuka. Nilikaa kwenye kitanda cha Babu na zile glavu mapajani, mtu mzima mwenye kazi na kitambulisho, na masikio yakawaka moto kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Kwetu ni juu kidogo ya Nyamira mjini, upande ambao mashamba ya chai yanashuka hadi mtoni. Babu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Alilima chai maisha yake yote na hakuwahi kuionja, kwa sababu ya imani, na hilo lilimpa fahari ya ajabu, kama mtu anayelea ng'ombe wa jirani bila kuiba hata tone la maziwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Na katika jambo la ensoni hakuwa na mpinzani kijijini kwetu.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, ensoni ni haya, lakini haya yenye sheria. Baba mkwe hamgusi mkaza mwana wake. Hakai naye kiti kimoja. Haingii nyumbani kwake. Nyumba ya Baba na Mama ilikuwa ng'ambo tu ya ua, mtu angeweza kurusha kiatu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, lakini Babu hakuwahi kukanyaga kizingiti chake. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta karibu na mlango wetu. Badala ya kuingia, alikata jani la mgomba akajifunika kichwa na kusimama hapo nje huku mawe yakimpiga mabega. Mama alinituma nimpelekee mwavuli. Aliupokea, akasema asante kwa sauti ya kusikika hadi ndani, na akaendelea kusimama.

Tena alikuwa anakohoa. Hakuwa mgonjwa. Kabla ya kuzunguka kona yoyote ya boma alisimama, akakohoa, akangoja kidogo, ndipo akatokea. Hicho kikohozi kilimpa Mama nafasi ya kufunga leso vizuri, kukusanya miguu kama alikuwa ameinyoosha akichambua mboga, kuacha wimbo aliokuwa akiuimba. Nilipokuwa mdogo sana nilidhani wanaume wote huzaliwa na kikohozi na wanawake huzaliwa na leso.

Msidhani walichukiana. Mama alipopika ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, sahani ya kwanza ilikuwa ya Babu, na mimi ndiye niliyeipeleka. Mkungu wa kwanza kuiva shambani, Babu aliuweka mlangoni petu, akakohoa, akaenda zake. Nyanya aliwahi kusema kwamba mumewe anampenda huyo mke wa mwanawe kuliko anavyowapenda wanawe wa kuzaa. Alisema kwa kutania, lakini hakuwa mbali na ukweli.

Kisha Baba alipata kazi Ujerumani, ya kuhudumia wazee, na baadaye Mama akamfuata. Mimi nilibaki na Babu na Nyanya. Ilikuwa ni ya muda tu, walisema, na mimi niliamini, kwa sababu nguo za Mama zilibaki zimetundikwa na funguo za nyumba alizikabidhi kwa Nyanya.

Wakati huohuo stima ilifika kijijini. Nguzo zilipandwa hadi kwetu, na baba yangu mdogo, Ombati, aliyekuwa fundi wa kila kitu na bingwa wa hakuna, akatuunganishia nyumba ya Babu. Muda si mrefu waya ulianguka kwenye malisho ya jirani na ng'ombe wake akafa amesimama, mdomo umekauka kwenye waya. Nilimwona. Tangu siku hiyo Ombati hakuchoka kutufundisha sisi watoto. Alitupanga kwenye benchi na kutuuliza kama mwalimu.

"Stima ikimshika mtu, anaweza kuachia?"

"Hawezi."

"Kwa nini?"

"Mkono unakaza wenyewe."

"Na wewe ukimvuta?"

"Inanishika na mimi."

"Sasa utafanya nini, Kerubo?"

"Napiga kelele aachie, halafu nachomoa," nilijibu, na yeye akacheka akasema kelele haina kazi, kazi ni kuchomoa.

Mdogo wangu alipozaliwa huko Ujerumani, Baba alimtumia Babu tikiti aende kumwona mjukuu. Alikwenda na suti yake ya Sabato na Biblia, akarudi na koti refu, kofia na zile glavu, alizozivaa hata jua lilipokuwa kali. Nyanya aliandaa sherehe ya kumpokea, siku ya Jumapili. Majirani walikuja, kwaya ya kina mama ikaja, wazee wa kanisa wakakalishwa mbele. Kulikuwa na pilau, kuku, ndizi, na soda za kila rangi. Ombati alitoa runinga nje, akaiweka juu ya meza barazani, akavuta waya mrefu kutoka sebuleni. Alikuwa amechukua video zote alizotumiwa na Baba, akazikata na kuziunganisha, na juu yake akaweka wimbo wa injili kutoka mwanzo hadi mwisho. Alijivunia sana huo wimbo.

Tuliona ndege. Tuliona theluji, na kina mama wakasema "yaya, yaya" kwa mshangao. Tuliona mtoto. Halafu ikaja treni, ndefu na safi, nyekundu, ikiingia kituoni.

"Moshi wake uko wapi?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa. "Si hili ndilo gari la moshi?"

"Hili halina moshi, mzee," Ombati alisema, akasimama kando ya runinga na kijiti mkononi. "Hili linakula stima. Ona ule mkono wa chuma juu ya paa. Umegusa waya. Stima inatoka kwenye waya, inashuka, inaingia garini. Linazunguka hivyo kutwa nzima, linapeleka watu kazini miji yote ya pale karibu na kuwarudisha."

"Kwa hivyo watu wamekaa ndani ya stima?"

Watu walicheka. Babu, kwenye kiti cha heshima, alitikisa kichwa. "Unakaa tu," alisema. "Hata hujui."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa chini, karibu kabisa na runinga, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu ule mkono wa chuma ukigusa waya na kutoa cheche ya buluu. Nilimfikiria ng'ombe wa jirani. Sikuelewa jinsi watu wazima, wenye akili zao, walivyoweza kucheka.

Picha ikaingia ndani ya treni. Babu amekaa dirishani na koti lake, kofia iko juu ya goti, kiti cha kando yake kitupu. Mama amesimama mbali kidogo, amemfunga mtoto kifuani. Alisimama makusudi, sasa naelewa. Halafu milango ikafunguka na watu wakamiminika, vijana wengi wenye skafu za rangi moja, wametoka kwenye mpira, na Mama akasukumwa, akasukumwa tena, hadi akaketishwa na umati kwenye kile kiti kitupu. Bega kwa bega na Babu. Mama mmoja wa kwaya alivuta leso hadi mdomoni. Sikuona jambo lolote la ajabu, nilikuwa natazama kama cheche itatokea.

Treni ikaondoka. Ungejua tu kwa sababu nguzo za nje zilianza kwenda nyuma. Mwili wa Babu ukalala upande mmoja, kofia ikaanguka, na mkono wake ukaruka na kushika mkono wa Mama. Ulikaza. Niliona vidole vikikaza ndani ya ile glavu. Mdomo wake ulikuwa wazi, na wa Mama ulikuwa wazi, lakini sauti zao hazikusikika kwa sababu ya wimbo wa Ombati. Na Babu hakuachia.

Stima ilikuwa imemshika. Kwangu hilo lilikuwa wazi kama mchana. Imemshika Babu, sasa inapita kwenye mkono inakwenda kwa Mama, na kutoka kwa Mama itaingia kwa mtoto.

Nikaruka juu nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, kwa lugha yetu. "Babu, mwache Mama! Mwache! Mwache Mama!"

Nikakimbia hadi sebuleni, nikashika ule waya mrefu kwa mikono miwili, nikauchomoa. Runinga ikazimika. Nikatoka tena barazani na waya ukining'inia mkononi, ninahema, nikingoja kusifiwa.

Kina mama walikuwa wameangalia chini wote, kama walioamriwa. Mzee aliyeuliza habari ya moshi alikuwa akikagua chupa yake ya soda. Kitu cha mwisho walichokiona kabla ya runinga kuzimika ni mkono wa mzee wa kanisa umekamata mkono wa mke wa mwanawe, na kitu cha mwisho walichokisikia ni mjukuu wake akimlilia amwachie. Ombati alininyang'anya waya lakini hakuthubutu kuurudisha. Babu alisimama. Alivaa kofia yake polepole, akatembea hadi kona ya nyumba, akasimama. Akakohoa. Kisha akazunguka na kushuka kwenye chai, na watu wakaanza kuaga mmoja mmoja ilhali sufuria za pilau hazijafika hata nusu.

Nyanya aliniingiza jikoni. Nilimweleza kwa machozi kwamba ni stima, kwamba Ombati mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Mambo ya namna hii hayasemwi, Kerubo. Ukieleza, unayarudia." Na hapo ndipo tulipofungwa. Mtu akishutumiwa kuiba kuku atajitetea hadi koo likauke. Jambo la ensoni ukilitetea umelitaja, na ukilitaja umelifanya upya mbele ya watu. Babu aliacha mwenyewe kusimama mbele kanisani, akawa anakaa benchi ya nyuma, karibu na mlango.

Nyanya peke yake ndiye aliyevunja sheria yake mwenyewe. Kisimani, kwenye mizani ya chai, hata Nyamira sokoni, mahali popote aliposikia mnong'ono, alisema kwa sauti, "Alikuwa amevaa glavu." Si zaidi ya hapo. Alikuwa amevaa glavu. Watu walijibu "ee, mama," kisha wakacheka alipogeuka, na mimi niliyebeba kikapu nyuma yake nilitamani ardhi inimeze. Shuleni wavulana walinifuata wakiigiza, "Mwache Mama, mwache." Nilikuwa na aibu ya Babu, na ya Nyanya, na ya Mama ambaye hakuwepo kujibu. Aibu ya kwangu mwenyewe ilikuja baadaye, nilipokua na kuelewa walichokisikia watu siku ile, na hiyo ndiyo iliyobaki.

Maana aliyelipa ni Mama. Aliporudi likizo kwa mara ya kwanza hakuja bomani. Alifikia kwa binamu yake huko Keumbu, na mimi nikapelekwa huko kumwona, na begi la nguo kama mgeni. Nilimuuliza ni lini tutarudi kwetu. Alisema, "Babu yako apumzike kwanza." Alipita siku moja tu, akasimama nje ya lango akasalimiana na Nyanya, akampa mtoto ambebe, wakalia kidogo wote wawili. Babu alikuwa ameshuka mtoni tangu asubuhi. Nyumba yetu ng'ambo ya ua ilikaa imefungwa, nyasi zikaota mlangoni, na kila Mama alipokuja ilikuwa hivyohivyo, Keumbu, lango, Keumbu. Nilidhani Babu anamchukia. Nilidhani hivyo miaka mingi, na nilimtazama kwa jicho la pembeni alipokuwa akila.

Video yote niliiona likizo moja nikiwa sekondari, kwenye simu ya Ombati, kabla haijakatwa wala kuwekewa wimbo. Kuna sauti. Mama anamwambia Babu, "Tata, shika kiti, linaondoka," na kabla hajamaliza Babu ameshamshika yeye. Babu anasema "oi" ndogo, ya mtu aliyekosa ngazi. Kisha, baada ya pumzi chache tu, treni ikishatulia, anaachia. Anaurudisha mkono mapajani na kuufunika kwa ule mwingine. Anageuza uso dirishani, Mama anageuza uso upande wa pili, na wanakaa hivyo njia nzima, wamebanana bega kwa bega na shingo zimepinda, kama watu wawili waliogombana. Ombati aliitazama nami. Kama nisingechomoa ule waya, barazani wangeyaona hayo yote. Wangecheka. Wangesema, tazama mzee wetu, hata kwa Wazungu haachi ensoni.

Likizo hiyo nilimfuata Babu kwenye chai. Tulichuma pamoja mistari sambamba, kichaka kikiwa kati yetu, na hiyo ilinisaidia kusema.

"Babu, siku ile nilidhani stima imekukamata."

Alichuma, akatupa kikapuni, akachuma tena. 

"Gari lolote ninalolijua," alisema hatimaye, "kabla ya kuondoka linanguruma. Linatetemeka. Linakuambia, mzee, jishike. Lile halikohoi." Alinyoosha mgongo. "Halikohoi, Kerubo. Linaondoka tu."

"Ungewaambia watu."

"Ningewaambia nini? Kwamba niliogopa? Hilo ningelisema hata leo. Lakini ningelazimika kusema nilimshika nani." Alirudi kwenye majani. "Mama yako ni mtu wa heshima. Mimi nikimkwepa, watu wanaona namheshimu. Siku moja watachoka kusema."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kule kushuka mtoni, kule kukaa siku nzima na njaa ili Mama apite langoni salama, alidhani anamsafisha jina. Na Mama, kule Keumbu, alidhani anamwacha mzee apumzike. Nilisimama kwenye chai na kikapu mgongoni, nikaona aibu. Sikumwambia Mama. Nilisema nitamwambia akija, na akija nilisema nitamwambia akienda. Babu akazeeka, akaugua, akalazwa Kisii, akarudishwa nyumbani, na watu walikuwa hawajachoka kusema.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa chini ya hema, mbele ya nyumba yake, palepale ilipokaa ile meza ya runinga. Uso ulifunguliwa na watu wakapita. Kwaya ilikuwepo, wengine ni walewale, wamezeeka. Mama alikuwa amefika asubuhi kutoka Keumbu na safari hii aliingia langoni, lakini alipitia nyuma ya nyumba, na hakuonekana. Niliona watu wakigeuza shingo taratibu, wakimtafuta. Mke wa mwana mkubwa. Walitaka kuona atafanya nini mbele ya mzee yule.

Mimi nilikuwa kando ya kiti cha Nyanya, kwa hivyo niliiona kona ya nyumba vizuri, pale kwenye tangi la maji. Mama alifika hapo amevaa leso nyeusi. Akasimama kabla ya kuzunguka. Akakaza leso kiunoni, akaishusha vizuri hadi miguuni.

Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu mwenye afya. Kisha akangoja, macho chini, muda uleule aliokuwa akipewa yeye zamani, kana kwamba ndani ya lile jeneza kuna mtu anayehitaji kujiweka sawa. Kwaya ilikata wimbo katikati. Hapakuwa na mtu kwenye hema lile ambaye hakujua kile kikohozi ni cha nani.

Nyanya hakugeuka. Alinyoosha tu mkono wake upande wa tangi.

"Njoo, mama," alisema. "Amesikia."

Mama akazunguka kona, akaja mbele ya watu wote, akasimama hatua chache kutoka kwa Babu, mahali ambapo angesimama kama mzee angekuwa hai. Nami niliyepiga kelele siku ile nikainamisha kichwa, kwa sababu sikuweza kumtazama hata mmoja wao.